Mgonjwa wa Akili Nyumbani Mwetu
(Jumapili ya Kumi ya Mwaka B)



Injili ya leo, Marko 3:20-35, ina jambo ambalo mara nyingi tunalipita upesi. Jamaa zake Yesu walitoka kwenda kumchukua, kwa kuwa ilisemwa kwamba amerukwa na akili. Waandishi kutoka Yerusalemu wakaongeza lao, kwamba ana pepo. Basi Bwana wetu mwenyewe aliyaonja maneno wanayotupiwa wagonjwa wa akili hata leo.

Sisi tulioko Makurunge na Bagamoyo nzima tunayajua maneno hayo. Kijana akianza kusema peke yake, asilale, akawakimbia watu, minong'ono huanza kisimani: amerogwa; ukoo ule una laana. Hatimaye hufungiwa chumba cha uani, pengine kwa mnyororo. Na hii ndiyo Bagamoyo ambako Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawapa makao watumwa waliokombolewa! Ndugu zangu, ugonjwa wa akili ni ugonjwa. Si dhambi ya mgonjwa, wala si hukumu juu ya wazazi wake.

Wataalamu wametufundisha mengi. Tangu miaka ya 1950, George Brown na wenzake huko London waliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali. Waliorudi katika nyumba zenye lawama, uadui na kuingiliwa mno katika kila jambo, walirudiwa na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Tuelewe vema: familia haikuuleta ugonjwa, lakini ulimi wa nyumbani waweza kuuamsha. Miaka ya 1990, Juli McGruder, mtafiti kutoka Marekani, alizichunguza familia za Zanzibar zenye wagonjwa wa namna hiyo. Alikuta jirani zetu Waislamu wakiupokea ugonjwa kuwa mtihani utokao kwa Mungu, na lawama zikapungua. Je, sisi tunaobeba jina la Kristo tutapungukiwa na subira hiyo?

Yuko pia mgonjwa wa pili, ambaye hatumwoni: yule anayeuguza. Mwaka 1995 wataalamu wa Ohio, Marekani, walitangaza uchunguzi wao juu ya wanawake 13 waliokuwa wakiwauguza jamaa waliopotewa na kumbukumbu, na wengine 13 wa umri kama wao wasiouguza mtu. Kila mmoja alitiwa kijeraha kidogo cha namna moja. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Mzigo wa moyo ulikuwa umeudhoofisha mwili. Kwa hiyo mama anayemwuguza mwanawe akisema kichwa kinamwuma na moyo unamwenda mbio, tusiseme anajidekeza.

Tufanye nini basi? Kwanza, mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali na pia kumpa mganga nafasi yake, maana Mungu ndiye aliyemwumba. Nanyi makatekista, mgonjwa aliyeombewa asiambiwe kamwe aache vidonge vyake. Sala na dawa hazigombani.

Pili, tuchunge ulimi. Mgonjwa aitwe kwa jina lake, apewe kazi anayoiweza, aketi mezani pamoja na wengine.

Tatu, Jumuiya Ndogondogo zipokezane zamu. Jumamosi moja jirani akae na mgonjwa, ili mama apate kulala, kwenda shamba, au kuja Misa. Kumpelekea sukari na kuondoka hakutoshi. Anahitaji mtu wa kumpokea mzigo.

Mwishoni mwa Injili Yesu aliwatazama walioketi kumzunguka, akawaita mama yake na ndugu zake, kwa sababu wanafanya mapenzi ya Mungu. Wiki hii tuitafute nyumba moja yenye mgonjwa wa akili, tuketi humo, tuwe ndugu zake. Kristo yumo humo akitungoja.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.