Nauli ya Bure: Habari za Wataliani Waliohamia Brazili



Tumeombwa tuseme habari za Wataliani waliovuka bahari kwenda kutafuta maisha. Walikuwa wengi mno: tangu 1876 hata 1915 walihesabiwa watokao kama milioni 14, ingawa wengi walirudi. Hatuwezi kuwafuata wote. Twawafuata wale wa kaskazini, hasa wa Veneto, walioshika njia ya Brazili.

Mtu asidhani ya kuwa walitoka kwa uzururaji. Walikuwa wakulima katika mashamba ya wengine, na chakula chao kilikuwa polenta, ndiyo ugali wa mahindi, mchana na jioni, mara nyingi pasipo kitoweo. Kwa kula mahindi peke yake waliingiwa na ugonjwa uitwao pelagra: ngozi hubabuka, tumbo huharisha, na mwisho akili hupotea. Sisi tulao ugali tushukuru kunde na mboga zetu.

Na huko Brazili watumwa waliachwa huru mwaka 1888, na wenye mashamba ya kahawa katika São Paulo wakataka mikono mingine. Serikali ya jimbo hilo ikalipa nauli ya merikebu, walakini ilitaka jamaa nzima, baba na mama na watoto, kwa kuwa kahawa yataka mikono mingi, na mwenye watoto hatoroki upesi. Mawakala wakapita vijijini wakisifu nchi ya neema. Watu wakauza walivyo navyo, wakashuka Genova. Walipofika Santos walipandishwa gari la moshi hata nyumba ya wageni mjini São Paulo, na kutoka hapo wakagawanywa mashambani.

Kila jamaa ilipewa miti yake ya kupalilia, ikalipwa kwa hesabu ya miti elfu, na tena kwa kipimo cha kahawa iliyochumwa. Wako waliofanikiwa, hata wakanunua ardhi yao, wala si haki kuwasahau. Lakini wengi walikopa unga na chumvi katika duka la bwana, wakatozwa faini kwa makosa madogo, na bei ya kahawa iliposhuka wakacheleweshewa ujira. Hivyo nauli ya bure ililipwa, tena kwa riba. Mwaka 1902, baada ya mjumbe wake kwenda kuyatazama mashamba hayo, serikali ya Italia ikaikataza.

Miaka mingi kabla ya hapo, askofu wa Piacenza, Giovanni Battista Scalabrini, aliwaona wahamaji hao wamejaa katika kituo cha gari la moshi cha Milano, na mioyo yao imevunjika. Hakuridhika kuwahurumia tu. Mwaka 1887 akaanzisha shirika la mapadre wa kuwafuata ng'ambo.

Mmoja wao alikuwa kijana Giuseppe Marchetti. Katika safari moja mama mmoja alifariki merikebuni, akaacha mtoto mchanga, na mumewe hakujua la kufanya. Marchetti akamwahidi ya kuwa atamtunza mtoto. Hata alipofika Rio de Janeiro alimchukua mikononi, akabisha mlango huu na mlango huu, mpaka bawabu wa nyumba moja ya watawa akampokea. Basi akaona kwamba yatima wa namna hiyo si mmoja. Mwaka 1895 akaanza kujenga nyumba yao katika São Paulo, akarudi Italia kumchukua mama yake na dada yake Assunta waje wamsaidie. Hakuishi kuona mengi: alikufa Desemba 1896, umri wake miaka 27.

Scalabrini mwenyewe alivuka bahari mwaka 1904 akawazuru Wataliani wa Brazili, akafa mwaka uliofuata. Sista Assunta alibaki huko huko, akawalea watoto wa watu, mpaka alipofariki mwaka 1948.