Fangasi wa Ukeni Wanaojirudia: Choo Kinasingiziwa

Newala maji yana bei. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na vizazi vya wanawake vimeshuka mteremko kuyafuata mabondeni. Mpaka leo nyumba nyingi hukinga ya mvua kwenye bati na kuyatunza kisimani uani. Basi mwanamke akiwashwa ukeni huambiwa upesi: maji haba, choo kichafu, umeokota fangasi. Maneno hayo yanaingia akilini, ila si kweli.

Kandida, fangasi anayehusika, kwa kawaida huishi mwilini bila madhara, akidhibitiwa na bakteria walinzi wa uke. Takriban wanawake 3 kati ya 4 huugua fangasi hawa angalau mara moja maishani. Anayeugua mara 3 au zaidi kwa mwaka ndiye anayelengwa na mada hii.

Mara nyingi mlango hufunguliwa na dawa yenyewe. Dada wa Masasi mjini anafika duka la dawa muhimu, anasema ana "UTI", anauziwa amoksilini na metronidazoli. Hakuna hata moja inayoua fangasi, na amoksilini huweza kuwaua walinzi. Muwasho ukirudi, anaomba dozi kali zaidi! Maduka haya, yaliyoanzia mkoa jirani wa Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza dawa vijijini, lakini kupima si kazi yake.

Uchafu mzito mweupe kama maziwa mgando, usio na harufu kali, huashiria fangasi. Shombo la samaki huashiria bakteria. Povu la kijani au manjano huweza kuwa trikomonasi, ambayo ni ya zinaa. Hata hivyo macho hudanganya, na hadubini ndiyo yenye kauli. Anayerudiwa apimwe pia sukari, VVU na ujauzito.

Mjamzito haandikiwi flukonazoli ya kumeza; hupewa klotrimazoli ya kuweka ukeni kwa siku 7. Kwa anayerudiwa asiye mjamzito tiba ni ndefu: flukonazoli siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha mara moja kwa wiki kwa miezi 6. Wengi hukatisha pale muwasho unapotulia.

Nyumbani nako kuna lake. Tendo la ndoa linauma, mke anakwepa, mume anashuku. Mhudumu awaambie wote wawili kwamba fangasi hawa hawahesabiwi kuwa ugonjwa wa zinaa, na mume asiye na dalili kwa kawaida hahitaji dawa.

Makungwi wa unyago tayari humfundisha mwari usafi wa hedhi. Waongezewe somo moja: uke hujisafisha wenyewe, nje panatosha maji ya kawaida, ilhali sabuni, shabu na vidole vya kusugulia ndani huwafukuza walinzi. Halmashauri za Masasi na Newala ziwaite makungwi mafunzoni kabla ya likizo za shule, wari wanapochezwa unyago, na zahanati ziwe na klotrimazoli ya kutosha.