Miezi Mingi, Hesabu Moja: Hotuba kwa Wananchi Kuhusu Takwimu za Zahanati



Handeni na Korogwe ni wilaya mbili zenye halmashauri nne, za mji na za wilaya. Kila mwezi zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu hukamilisha ripoti za MTUHA, nazo huingizwa katika kompyuta. Ni sawa na kuongeza jedwali jipya kila mwezi.

Mganga Mkuu akitaka kujua kama malaria imepungua tangu masika yaliyopita, halazimiki kufungua jedwali mojamoja. Kompyuta huyapanga yote, moja chini ya jingine, na kuyasoma kama jedwali moja.

Utaratibu huu una masharti matatu. Kwanza, safu ziwe zilezile kila mwezi. Takwimu za watoto zikiingia katika safu ya wajawazito, jumla hupotoka. Pili, kila mstari utaje kituo na mwezi wake, usije ukahesabiwa mara mbili. Tatu, pengo lisisomwe kuwa sifuri: zahanati isiyoleta ripoti si zahanati isiyo na wagonjwa.

Hapa ndipo penye uzito. Maombi ya dawa kwenda Bohari ya Dawa hutegemea matumizi yaliyoandikwa. Asiyeandikwa hahesabiwi.

Basi, unapotibiwa, hakikisha umeandikishwa pamoja na kijiji chako. Na katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, ulizeni: ripoti za zahanati yetu zimefika zote?

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kilichotoboka hakijai.