Nani Anayehesabiwa Miongoni mwa Wafu? Mazungumzo Juu ya Mchezo wa Vita Kuu



Kamati yetu ya Haki na Amani iliniomba niseme nanyi juu ya michezo ya video inayohusu vita. Wazazi walileta swali fupi: je, tuipige marufuku au tuiache? Si haki kuhukumu jambo kabla ya kulisikiliza. Kwa sababu hiyo nilikwenda jioni moja kwenye kibanda cha jirani, hapa hapa Dar es Salaam, ambako vijana hulipia muda wa kucheza. Wengi walikuwa wakicheza mpira. Wawili, ambao ni waimbaji wa kwaya yetu, walikuwa vitani. Nikaomba kiti, nikaketi nyuma yao.

Mchezo wenyewe

Mchezo huo unaitwa Battlefield 1. Ulitengenezwa na studio ya DICE ya Stockholm, nchini Sweden, ukatolewa mwezi Oktoba 2016 na kampuni ya Marekani iitwayo Electronic Arts. Unahusu Vita Kuu ya Kwanza ya mwaka 1914 hadi 1918. Mchezaji huona kila kitu kwa macho ya mpiganaji: mbele yake kuna mikono miwili na bunduki, na nyuma ya bunduki kuna mtu wa kulengwa. Watu hadi 64, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, huweza kukutana katika uwanja mmoja wa mapigano. Anayeuawa hungoja kitambo kidogo, kisha hurudi vitani.

Wahakiki wengi waliusifu, nao hawakukosa sababu. Katika sehemu ya kufungulia, mchezaji huwekwa katika nafasi ya askari weusi wa Marekani wa Rejimenti ya 369, waliopigana huko Ufaransa chini ya jeshi la Wafaransa. Huonywa mapema kwamba hatarajiwi kunusurika. Kila anapouawa, jina la marehemu huandikwa mbele yake pamoja na mwaka wa kuzaliwa na wa kufa, kisha huhamishiwa kwa askari mwingine, naye hufa. Mwishoni askari wawili waliokuwa maadui hutazamana, na kila mmoja hushusha silaha yake. Nakiri kwamba niliguswa. Nilidhani kwamba hapa kuna watu waliotambua kuwa vita si mzaha.

Lawama zilizotolewa

Hata hivyo sehemu hiyo ni fupi. Ikiisha, majina nayo huisha. Katika mapambano ya watu wengi, marehemu hugeuka kuwa alama katika hesabu ya ushindi. Hapo ndipo lawama za wahakiki zilipoanzia, nami nitataja chache.

Kwanza, walisema kwamba silaha za kufyatua mfululizo zimejazwa mikononi mwa kila mtu, hali askari wa kawaida wa wakati ule alikuwa na bunduki ya kukokiwa kwa mkono kila baada ya risasi moja. Vita ya kungoja katika mahandaki, ya matope, panya na magonjwa, imefanywa kuwa vita ya mbio.

Pili, visa vyote vya mchezaji mmoja vinasimuliwa kutoka upande wa walioshinda. Hakuna hata kimoja kinachomfuata Mjerumani au Mturuki kama mtu mwenye mama na nyumba. Wafaransa na Warusi, waliopoteza watu kwa mamilioni, hawakuwa na majeshi yao katika mchezo hadi mwaka 2017, nao waliingizwa kwa nyongeza zilizouzwa.

Tatu, katika mwezi ule ule wa kutolewa kwake, akaunti ya mchezo iliweka matangazo ya utani, yakiwa na picha za watu wanaoungua moto. Watu walikasirika, kwa kuwa siku ya kuwakumbuka wafu wa vita ile ilikuwa karibu. Kampuni iliyaondoa na kuomba radhi.

Ilikuwapo pia lawama isiyo ya haki. Wako waliolalamika kwamba mchezo umewaonyesha askari weusi kupita kiasi. Hao hawakusoma historia. Ufaransa peke yake iliandikisha askari wapatao 200,000 kutoka makoloni yake ya Afrika Magharibi, na takriban 30,000 kati yao hawakurudi makwao.

Walioachwa nje

Lakini lawama iliyonigusa kuliko zote haikutoka kwa mhakiki. Mmoja wa vijana wale wawili aligeuka akaniuliza: “Mwalimu, kumbe vita hii haikufika huku kwetu?”

Tulikuwa tumeketi mahali ambapo mtu aweza kutembea kwa miguu mpaka Kariakoo! Jina hilo la soko letu, kama lile la Kariokor kule Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika vita ile ile. Tanga ilipiganiwa mwezi Novemba 1914. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alisalimisha majeshi yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Katikati ya miaka hiyo minne, nchi yetu ilikanyagwa kutoka kaskazini hadi kusini.

Na ni nani waliokufa? Waingereza peke yao waliwachukua watu wapatao milioni moja kubeba mizigo ya jeshi, wengi wao kwa kulazimishwa. Hesabu za serikali ya kikoloni ziliandika vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000. Wanahistoria waliochunguza baadaye hukadiria kwamba walikufa zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, njaa na uzito wa mizigo. Upande wa Wajerumani nao ulichukua wapagazi wake, na hesabu yao haikutunzwa vema. Chakula cha wanavijiji kilichukuliwa na majeshi, mvua zikakosekana, na Ugogo ikapatwa na ile njaa kuu iliyoitwa Mtunya.

Babu wa baba yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Jina lake tunalijua. Kaburi lake hatulijui.

Katika mchezo huu hakuna uwanja wa Afrika Mashariki, wala hakuna mpagazi. Siwatuhumu watengenezaji kuwa na chuki. Nasema tu kwamba mchezo wa bunduki hauwezi kumwona mtu asiye na bunduki. Aliyekufa akiwa na gunia kichwani hana nafasi ndani yake, kwa maana hakuna ushindi wa kumpa. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko wingi wa damu. Vita isiyo na damu ingekuwa uongo mbaya zaidi. Lakini vita ambayo wafu wake ni wapiganaji tu, hiyo nayo ni uongo.

Papa Benedikto XV, tarehe 1 Agosti 1917, aliwaandikia wakuu wa mataifa yaliyokuwa vitani, akaiita vita ile mauaji yasiyo na faida. Miaka tisini baadaye, mwaka 2007, Papa Benedikto XVI alilaani michezo ya video inayotukuza ukatili kwa jina la burudani. Tukiyaweka maneno hayo mawili pamoja, swali letu ni hili: je, mchezo huu unatukuza, au unakumbusha? Naona unafanya yote mawili, na la kwanza limelizidi la pili.

Jibu langu kwa wazazi

Tusiseme uongo kwa nia njema. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilitamka mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihesabu michezo hii kuwa chanzo cha uhalifu wa kikatili, ingawa kiliona uhusiano mdogo na tabia kama kufoka na kusukumana. Kijana anayecheza si muuaji. Tarehe 11 Novemba 2018, miaka mia moja tangu vita ile ikome Ulaya, baadhi ya wachezaji wa mchezo huu walipatana kusimama bila kufyatua risasi. Hawakutii wote, lakini waliosimama walituonyesha kwamba dhamiri haifi mbele ya kioo.

Basi nawasihi mambo matatu. Mosi, mchezo huu umewekewa umri wa miaka 18 kule Ulaya. Wenye vibanda na wazazi wauheshimu umri huo. Pili, mzazi aketi na kijana wake walau mara moja, kisha amsimulie sehemu iliyoachwa. Tatu, kila jumuiya iwaulize wazee majina ya wapagazi na askari wa vita ile wanaowakumbuka katika ukoo wao, nasi tuyasome katika Misa ya marehemu mwezi Novemba. Mchezo uliandika majina ya wafu kwa dakika chache. Itakuwa aibu kwetu tukishindwa kuandika ya kwetu.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika ukoo wako, ni nani aliyechukuliwa katika vita vya wengine, na nani anajua habari zake?

2. Vijana wetu wanajifunza wapi historia ya vita, na nani hayumo katika masimulizi hayo?

3. Tufanye nini ili vibanda vya michezo vya mtaani kwetu viheshimu umri wa watoto bila kuwafukuza vijana?