Ua Limevuka Ua

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: UA LIMEVUKA UA. Someni pamoja, polepole.

Neno ua lina maana mbili. Kuna ua la kunusa na kutazama; wingi wake ni maua. Kuna na ua wa kuzungushia nyumba. Wingi wake ni nyua. Leo nitawaeleza jinsi ua langu la kwanza lilivyovuka ua wangu wa pili, likaingia kwa jirani.

Mmea wenyewe wengi wenu mnaujua kwa macho. Hutambaa na kupanda. Majani yake yana umbo la moyo. Maua ni madogo, yamefungana vishada, ya rangi ya waridi, na mara nyingine meupe. Ncha ya kishada hutoa vikono vinavyojisokota penye mti au waya. Wataalamu huuita Antigonon leptopus. Asili yake ni Meksiko, nao ulichukuliwa hadi nchi nyingi za joto kwa ajili ya uzuri wake. Leo tutauita mtambaa tu.

Nilipohamia Mtinko rafiki alinipa mbegu tano. Baraza la nyumba niliyopanga lilipigwa na jua la jioni, nami nilitaka kivuli. Nikaziloweka mbegu usiku mmoja, nikazipanda mwezi wa Desemba, mvua zilipoanza, karibu na ua wa minyaa. Kufika Machi baraza lilikuwa limejaa maua na nyuki. Watu walisimama njiani kutazama. Nilijiona bwana bustani kweli kweli.

Kiangazi kilipoingia mtambaa ulikauka, nikadhani umekufa. Hapo ndipo nilipokosea. Mmea huu huweka akiba ya chakula chini ya ardhi, katika viazi. Juu hukauka, chini hulala. Mvua zetu za Singida huanza Novemba au Desemba, zikaisha Aprili, na miezi inayobaki ni ukavu mtupu. Mimea mingi ya bustani hushindwa. Mtambaa haushindwi, mvua ikirudi, viazi huamka na kutoa machipukizi.

Mwaka wa pili uliifunika minyaa, ukashuka upande wa pili, katika bustani ya mzee jirani yangu. Alikuwa na mipapai mitatu na matuta ya mchicha. Mtambaa ulipanda mipapai, ukatandaza majani yake juu kama blanketi. Jani lisilopata jua haliwezi kuutengenezea mti chakula. Mpapai mmoja ukaelemewa, ukavunjika, na matunda yake mabichi yakiwa juu yake. Mzee hakunigombeza. Alikuja asubuhi, akapiga hodi, akaketi, akanywa chai, ndipo akasema: "Bwana Elimu, mgeni wako amelala kwangu siku nyingi. Njoo umchukue." Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza.

Nikachukua panga, nikakata kila kitu. Baada ya majuma matatu ukachipua. Nikachoma moto: majani yaliungua, viazi havikuungua. Mwisho nikachimba kwa jembe, nikapata viazi vikubwa na vidogo vimeshikana na mizizi. Nikavijaza kikapuni, nikavitupa korongoni. Lo! Mvua iliyofuata vilikuwa vimeota huko huko. Na mbegu za mmea huu huelea majini, kwa hiyo korongo ni barabara yake. Sikuwa nimeuua, nilikuwa nimeuhamisha.

Msidhani ni mimi peke yangu. Katika kisiwa cha Sint Eustatius, bahari ya Karibi, mtambaa huu huu ulitoka bustanini ukafunika sehemu kubwa ya kisiwa. Na hapa Afrika Mashariki, nani hajasikia habari za gugu-maji? Lilitoka Amerika ya Kusini, likapendwa kwa ua lake la zambarau. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na miaka ya 1990 mitumbwi ya wavuvi ikashindwa kupita.

Je, basi tusiupande? Mtu anayekaa kando ya korongo asiupande kabisa; hilo silibembelezi. Lakini Singida ni nchi ya asali, na wafugaji wa nyuki wataniuliza mbona nawanyima maua. Swali lao ni la haki. Basi anayeutaka na aufunge.

Tafuta debe zima. Litoboe matundu madogo chini, uliweke juu ya saruji au jiwe bapa, wala si juu ya udongo, maana mzizi ukipenya tundu na kugusa ardhi, kazi yote ni bure. Simamisha fito mahali pa wazi, hatua tano au zaidi kutoka kwenye miti na ua. Maji kidogo; samadi usitie. Nyuki wakishamaliza kazi yao, kata vishada kabla mbegu hazijawa kahawia, uvichome. Usidanganywe na rangi: ua huendelea kuifunika mbegu hata inapokomaa. Na mwenye nyumba ya tembe asiuache ufike juu, kwa sababu paa la udongo kwake ni shamba.

Atakayesema kazi hii ni nyingi, mimi namwunga mkono. Barazani kwangu sasa napanda mdodoki. Hutoa kivuli na maua ya manjano, nyuki huja, msimu ukiisha hufa, nasi hupata madodoki ya kuogea.

Kwa aliyekwisha kuvamiwa: chimba ardhi ikiwa imelowa, ufuate kila mzizi. Viazi vyote vianikwe juu ya bati mpaka vikauke, kisha vichomwe. Rudi tena kila baada ya mvua. Mimi nilikwenda kwa yule mzee kila Jumamosi, misimu miwili ya mvua, na mpapai mpya nikampandia. Mwaka huu machipukizi mawili tu yametokea, naye ndiye aliyeyaona kwanza, akaniita kwa kicheko.

Kazi ya juma hili: kila mmoja atembee kuzunguka ua wake, upande wa ndani na upande wa jirani. Aandike sentensi tatu: mmea gani umevuka, umefika wapi, na jirani amesemaje. Asiyeweza bado kuandika sentensi aandike jina la mmea. Mwalimu atazikusanya Ijumaa. Kwa herini.