Mji, Mtaa na Kiwanja: Maneno ya Mahali Tukaapo



Nataka kusema nanyi leo juu ya maneno tunayoyatumia kutaja mahali tukaapo. Huenda wengine wakadhani kwamba habari hii ni ya walimu na watunga kamusi tu. Sivyo. Katika kisiwa chetu cha Mombasa, neno moja lisilopimwa vema laweza kumpotezea mtu nyumba aliyoijenga kwa jasho lake. Basi tuanze na neno lililo kubwa, kisha tushuke mpaka lililo dogo.

Neno kubwa ni mji. Leo tukisema mji twafikiri barabara, maduka na taa za umeme. Lakini zamani mji ulikuwa watu kwanza, kisha majumba. Jirani zetu Wamijikenda wana neno lilo hilo, na jina lao maana yake ni miji tisa. Miji yao ya kale iliitwa kaya, nayo ilikuwa makao yaliyozungushiwa boma katikati ya msitu. Mwaka 2008 baadhi ya misitu hiyo iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Siku hizi neno kaya latumika pia katika hesabu ya watu, na maana yake huko ni watu wakaao pamoja na kula chungu kimoja. Mzee wa Rabai akiulizwa habari za kaya yake, yafaa kwanza ajue ni kaya ipi inayoulizwa.

Wenyeji wa kisiwa hiki huuita mji wao Mvita. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliuandika kwa jina la Mombasa, akasema kwamba misikiti yake ilijengwa kwa mbao, nayo ni imara. Majina yote mawili yangali hai mpaka leo.

Neno la pili ni taifa. Tukilisikia sasa twafikiri nchi nzima yenye bendera. Lakini Mombasa taifa lilikuwa watu waliotoka mahali pamoja. Wako Thalatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Na wako Tisa Taifa, nao ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Angalieni vema, mtaona kwamba mengi ya majina hayo ni majina ya mahali. Mtu alihama kwao, lakini jina la kwao alilichukua pamoja naye, akawaachia watoto wake. Na majina mengine yamepata kazi mpya: Mvita, Changamwe na Jomvu ni majimbo ya uchaguzi ya Mombasa ya leo, na Kilindini ni bandari inayojulikana katika nchi nyingi. Maana yake ni mahali penye maji ya kina, na ndiyo sababu meli kubwa zaweza kuingia.

Ndani ya mji mna mitaa. Katika Mji wa Kale mna Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na mingineyo. Mingi ina ile -ni ya mwisho, inayomwambia mgeni kwamba jina hili lilianza kwa kuonyesha mahali: Bondeni ni penye bonde, na Ngomeni ni penye ngome, nayo ni ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mwembe Tayari twaukumbuka mti. Jina la mtaa ni ramani isiyohitaji karatasi. Mtoto asiyejua mtaa wa babu yake huitwa mzaliwa wa Mombasa, lakini hawezi kuwaonyesha wageni njia.

Tukiingia katika nyumba yenyewe, maneno yanazidi. Mbele ya nyumba ya mawe mna baraza, ambapo wanaume huketi na kuongea, na mgeni hukaribishwa pasipo kuwasumbua watu wa ndani. Juu mna roshani ya mbao. Kutoka kwenye baraza hiyo ya kuketi tumepata baraza ya mkutano, hata huko bara, ambako chifu huita baraza chini ya mti na hapana nyumba iliyo karibu.

Sasa nafika kwenye neno dogo nililowaahidi, nalo ni kiwanja. Mwaka 1908 ilitungwa Sheria ya Hati za Ardhi, iliyowataka watu wa pwani wadai ardhi zao na kupewa hati. Wako waliodai wakapewa, na wako wengi ambao hawakudai au hawakufaulu. Ardhi isiyokuwa na hati ya mtu ikawa ya Serikali. Baadaye mji ulipotanuka na mitaa kama Majengo ikakua, watu wengi walijenga nyumba zao za Kiswahili juu ya viwanja vya wengine, wakilipa kodi ya ardhi kila mwezi. Hivyo ikawa desturi ya Mombasa kwamba nyumba ina mwenyewe, na kiwanja kina mwenyewe. Nyumba huuzwa na kurithiwa, lakini ardhi iliyo chini yake haimo.

Desturi hii imewasaidia maelfu ya watu wasio na fedha nyingi kupata makao. Lakini ina hatari yake. Mwenye kiwanja akiuza, au akitaka ardhi yake, mwenye nyumba huweza kuambiwa aondoe kuta zake. Na mgeni anayeambiwa "nakuuzia nyumba" hudhani amenunua vyote viwili. Wazee walisema kwamba nyumba njema si mlango; nami naongeza kwamba si kuta wala bati pia.

Kwa hiyo, atakaye kununua aulize maswali matatu kabla ya kutoa fedha. Kiwanja ni cha nani? Hati iko wapi, na ofisi ya ardhi yasemaje? Kodi ya ardhi inalipwa kwa nani, na risiti ziko wapi? Kisha katika mapatano yaandikwe wazi: nyumba pamoja na kiwanja, au nyumba pasipo kiwanja. Na wewe mwenye nyumba, waeleze watoto wako mambo hayo ungali hai, wasije wakayasikia kwa mara ya kwanza mbele ya hakimu.

Mwalimu awafundishe watoto majina ya mitaa, na mzazi awaonyeshe karatasi za nyumba. Yote mawili ni elimu ya kujua mahali tukaapo.