Pikapu Inapokula Oili: Mbolea Kwanza au Injini Kwanza?

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala dawa ya ukungu. Nitazungumza juu ya gari. Najua wapo watakaouliza, bwana shamba na gari wapi na wapi? Lakini viazi vikilimwa vizuri, vikapaliliwa, vikavunwa, kisha vikalala kando ya barabara siku tatu kwa sababu pikapu imekufa injini, hasara hiyo ni ya mkulima, si ya fundi.

Tumepata barua kutoka kwa kikundi cha wakulima wa viazi katika milima ya Uporoto, Mkoa wa Mbeya. Wako 12, nao wana pikapu moja, Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli aina ya 3L, waliyoinunua ikiwa imekwisha tumika. Wanasema pikapu hiyo inakunywa oili kama ng'ombe anywavyo maji. Fundi amewaambia injini ifunguliwe, ringi zibadilishwe. Fedha zilizomo katika mfuko wa kikundi ni zile za mbolea ya kupandia, na mvua za Novemba haziko mbali. Wanauliza: tununue mbolea au tufungue injini?

Swali hili ni zito, maana msimu mzima umo ndani yake. Lakini barua yao ina pengo moja. Hawakusema pikapu inakula oili kiasi gani kwa mwendo wa kilomita ngapi. Wanasema tu "kila mara tunaongeza". Kila mara ni lini, ndugu zangu? Ng'ombe akipungua maziwa, humwambii daktari wa mifugo kwamba "maziwa ni kidogo". Unamwambia jana alitoa lita 6, leo 4. Na injini ni hivyo hivyo.

Kwanza ijulikane kwamba kila injini hula oili kidogo. Pistoni inapopanda na kushuka ndani ya silinda, ukuta wa silinda lazima uwe na utando mwembamba wa oili, la sivyo chuma kitasaga chuma. Sehemu ndogo ya utando huo huungua pamoja na mafuta. Vitabu vya baadhi ya magari ya Toyota huandika kwamba gari linaweza kula mpaka lita 1 kwa kilomita 1,000. Hicho ni kikomo, si kawaida ya kila siku; injini nzima hula chini sana ya hapo. Lakini mwenye pikapu ya zamani inayokula lita 1 kwa kilomita 1,200 asikose usingizi.

Basi, kazi ya kwanza ni daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali pa usawa, dereva achomoe kijiti cha oili, akifute kwa kitambaa safi, akirudishe mpaka mwisho, akichomoe tena na kusoma. Kama gari limetoka safarini, azime injini na kungoja dakika 5 au zaidi oili ishuke chini. Aandike tarehe, kilomita zilizosomeka, na oili aliyoongeza. Mita ya kilomita imekufa? Najua, kwa pikapu nyingi za shamba mita ilikufa zamani. Hesabu safari. Mnajua kutoka kijijini mpaka sokoni ni kilomita ngapi. Zidisha kwa idadi ya safari. Fanyeni hivyo majuma matatu, mtakuwa na jambo la kumwambia fundi.

Na msijaze kupita alama ya juu. Wako madereva wanaoona ni akili kuongeza "ya akiba" ndani ya injini. Oili ikizidi, mhimili wa krenki huipigapiga mpaka inatoa povu, halafu inapita katika bomba la kupumulia injini na kwenda kuungua. Kesho dereva anaona imepungua, anajaza tena kupita kiasi. Gari la namna hiyo halina ugonjwa; mgonjwa ni aliyeshika kopo. Akiba ikae ndani ya kopo nyuma ya kiti.

Sasa, mkishajua kiasi, tafuteni njia inayopita. Oili ina njia mbili tu za kutoka: kuvuja au kuungua. Kuvuja ni rahisi zaidi kutengeneza, kwa hiyo anzeni hapo, ingawa mafundi wengi huanza na kuungua kwa sababu ndiko kwenye kazi kubwa.

Osheni injini iwe safi. Usiku tandikeni maboksi yaliyokunjuliwa chini ya injini, asubuhi mtazame matone yako wapi. Lakini msiridhike na boksi peke yake. Kuna mivujo inayotoka injini ikiwa inafanya kazi tu, na upepo wa mwendo huipeleka nyuma. Kwa hiyo baada ya safari ingieni chini na kurunzi. Tazameni gasketi ya kifuniko cha juu cha valvu, karai la oili lililo chini, ambalo mafundi huliita sampo, filta ya oili, na pale injini inapoungana na giaboksi. Hapo mwisho pakiwa na oili ya injini, huenda sili ya nyuma ya krenki imechoka.

Kwa hizi Hilux za dizeli za zamani kuna mahali pengine ambapo watu husahau. Nyuma ya altaneta kuna pampu ndogo ya kuvuta hewa kwa ajili ya breki. Pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini, inayokwenda na kurudi kwa mipira. Mpira ukipasuka, au sili ya pampu ikichoka, oili humwagika ubavuni mwa injini au huingia ndani ya altaneta yenyewe. Mwaka juzi wakulima fulani walituletea pikapu chuoni ikiwa imekwisha andikiwa makisio ya kufunguliwa injini. Tuliiosha, tukaiwasha, tukangoja. Mpira wa nyuma ya altaneta ulikuwa umepasuka. Bei ya mpira ule haikufika hata nauli ya mtu mmoja kwenda mjini na kurudi.

Jambo jingine ni lile bomba la kupumulia. Injini hupumua. Bomba likiziba kwa uchafu, hewa hujaa ndani na kusukuma oili itoke penye sili na gasketi. Mtu anabadilisha sili, baada ya mwezi inavuja tena, anamlaumu muuza vipuri. Safisheni bomba kabla ya kununua sili.

Kama hakuna mvujo, basi inaungua. Tazameni moshi. Moshi wa buluu ni oili. Moshi mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo, na mweupe asubuhi ya baridi huwa ni dizeli isiyoungua. Huo si ushahidi wa kula oili. Buluu ikionekana wakati wa kuwasha asubuhi tu, kisha ikapotea, mara nyingi ni sili za valvu, na hizo hubadilishwa bila kutoa pistoni. Buluu ikiandamana na gari mlimani likiwa na mzigo, hapo shaka inaelekea kwenye ringi na silinda. Injini ikiunguruma polepole, legeza kifuniko cha kujazia oili. Pumzi kidogo ni kawaida kwa dizeli iliyozeeka. Lakini moshi ukitoka kwa kishindo, puh, puh, puh, kama jiko lenye kuni mbichi, ringi haziwezi tena kuzuia mgandamizo. Kisha fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake. Fundi anayetaka kufungua injini bila kipimo chochote, mwambieni ngoja kwanza.

Kwa nini ringi zinakufa mapema huku kwetu? Kwa maoni yangu adui wa kwanza ni vumbi. Kiangazi pikapu inafuata magari mengine katika barabara ya udongo, chujio la hewa linaziba, nguvu inapungua. Dereva anaona ujanja: analitoa chujio. Siku hiyo pikapu inakwenda kama mpya. Lakini vumbi lile ni mchanga, likichanganyika na oili linasaga silinda kama msasa. Chujio la karatasi likunguteni, au lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na likitoboka litupwe. Tazameni pia mpira unaotoka kwenye chujio kwenda kwenye injini. Ukiwa na ufa, chujio jipya halisaidii kitu. Adui wa pili ni joto la kupita kiasi, mzigo mkubwa mlimani huku redieta inavuja. Ringi zikipata joto kubwa zinapoteza mkazo wake.

Oili yenyewe nayo ina maneno. Kwa injini kama hizi 15W-40 ya dizeli hufaa. Nyuma ya kopo kuna herufi za ubora: zinazoanza na C ni za dizeli, zinazoanza na S ni za petroli, na baadhi ya oili zina zote mbili. Ile ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina, ambayo hamjui ilitumikaje jana, iacheni. Na zile dawa nzito za kumimina ili "kuziba moshi" huficha ugonjwa siku chache tu, hasa mtu anapotaka kuuza gari lake.

Turudi kwa ndugu zetu wa Uporoto. Tuseme pikapu yao inakwenda kilomita 2,400 kwa mwezi na kula lita 1 kwa kila kilomita 800. Hiyo ni lita 3 kwa mwezi. Tuseme lita ni shilingi 10,000. Ni shilingi 30,000. Kama fundi anataka shilingi 2,500,000, fedha hizo zingenunua oili ya kuongeza kwa zaidi ya miaka 6. Wekeni bei za kwenu, hesabu ni ile ile. Hapo jibu langu ni kwamba nunueni mbolea, ongezeni oili, punguzeni magunia mlimani, na mvune kwanza. Lakini kama ni lita 1 kwa kilomita 200, mambo ni mengine. Ni lita 12 kwa mwezi, injini haina nguvu, inawaka kwa shida, na inaweza kuwaacha njiani na mzigo wa watu. Hata hapo nisingegusa fedha yote ya mbolea. Afadhali viazi vya msimu huu vibebwe kwa gari la kukodi, injini ifunguliwe kwa fedha ya mavuno.

Na itakapofunguliwa, silinda zipimwe kabla ya kununua ringi. Silinda iliyotumika sana haibaki duara, inalika upande mmoja mpaka inaelekea umbo la yai. Ringi mpya ndani ya silinda ya namna hiyo ni fedha ya kutupa. Baada ya muda mfupi moshi unarudi. Ikiwa imelika kupita kiasi, ichongwe au ibadilishwe, ndipo ringi zitafaa.

Mpaka wakati huo, jambo lisiloruhusu uvivu ni kiwango cha oili. Injini inayokula oili inaweza kufanya kazi miaka, lakini injini iliyoishiwa oili hufa kwa dakika chache. Msingoje taa nyekundu ya oili. Taa ile haipimi oili imebaki kiasi gani, inaonyesha msukumo wake, na ikiwaka mwendoni maana yake vyuma vinakosa oili sasa hivi. Zima hapo hapo, hata kama soko unaliona mbele yako. Na kijiti kikionyesha oili inapanda badala ya kushuka, msifurahi: ni dizeli au maji yanaingia ndani. Msiendeshe, mwiteni fundi.

Oili chafu mnayoimwaga msiielekeze mtoni wala shambani. Ikusanyeni kwenye dumu na kuipeleka gereji wanakoipokea.

Kikundi cha Uporoto, tunangojea hesabu za majuma matatu, kilomita na lita, tuwajibu kwa barua. Juma lijalo, wakati kama huu, mwenzangu atazungumza juu ya kuhifadhi mbegu ya viazi. Kwaherini.